Msalala: Habari za Nchi ya Mtemi Iliyogeuka Kuwa Jimbo la Uchaguzi

Siku moja nilipokuwa nikifundisha darasa la sita habari za utawala wa nchi, niliandika ubaoni majina ya majimbo ya uchaguzi yaliyo katika Wilaya ya Kahama: Kahama Mjini, Ushetu, Msalala. Mtoto mmoja wa hapa Bugarama akainua mkono, akasema, "Mwalimu, Kahama naijua, nimefika. Lakini Msalala ni mji gani, na gari lake hupakia wapi?" Wenzake wakamcheka. Mimi sikucheka, maana aliuliza vema. Magari yapitayo hapa huita Kahama, huita Kakola, huita Geita. Sijasikia hata siku moja utingo akiita Msalala. Na mtoto yule amekaa Msalala tangu kuzaliwa kwake, wala hakujua.

Nikamwambia nitamjibu kesho. Kesho hiyo ikawa majuma mengi, kwa sababu nilipoanza kulitafuta jibu niliona kwamba mimi mwenyewe nalijua nusu tu.

Kwanza nilikwenda kwa mzee mmoja ambaye huulizwa mambo ya kale. Nikamwamkia, nikamwita guku kama ilivyo desturi ya kumheshimu mzee wa makamo ya babu, nikamweleza shida yangu. Akasema, "Mwalimu, usitafute mji. Msalala ilikuwa nchi ya mtemi. Alipokaa mtemi ndipo palipokuwa ikulu, na akitawala mwingine, ikulu yaweza kuwa mahali pengine." Msomaji ataona hapo kwamba neno Ikulu, litumikalo leo kwa nyumba ya Rais wa nchi nzima, kwetu ni neno la nyumbani, kabla ya kupelekwa pwani lilikuwa na maana ya boma la mtemi, pamoja na ngoma zake na wazee wake.

Neno mtemi lenyewe hufasiriwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba latokana na kutema, yaani kukata miti na kufungua msitu, kwa kuwa watemi wa kwanza walikuwa viongozi wa watu waliotafuta mashamba mapya. Wengine husema ni kukata maneno, yaani kuamua mashauri. Mimi huona kwamba fasiri hizi mbili hazigombani, maana yule aliyewagawia watu msitu ndiye aliyewaamulia walipogombana juu ya mpaka wa shamba.

Wengi wa watu wasiojua habari za Usukuma na Unyamwezi hudhani kwamba mtemi alitawala apendavyo, na raia hakuwa na neno. Si hivyo. Mtemi alichaguliwa na wazee wa ikulu waitwao banang'oma, na katika nchi nyingi hawakumchagua mwana wa mtemi bali mtoto wa dada yake. Chini ya mtemi walikuwako banangwa, wakuu wa vijiji, na katika kila kijiji vijana walikuwa na mkubwa wao, nsumba ntale, aliyewaongoza katika kazi za kulima kwa pamoja. Mvua ilipokosekana mwaka baada ya mwaka, mtemi alihesabiwa kuwa ndiye mwenye kosa, na baadhi yao walifukuzwa. Tena raia alikuwa na njia nyingine iliyo rahisi kuliko kumfukuza mtemi: aliweza kuhama. Alipoonewa alichukua ng'ombe zake na watoto wake, akaenda kwa mtemi mwingine, na huko alipokelewa kwa furaha, kwa sababu ukuu wa mtemi ulihesabiwa kwa wingi wa watu wake, wala si kwa ukubwa wa pori. Mtemi aliyejua hayo alijizuia. Naomba msomaji aishike desturi hii ya kuhama, maana nitairudia.

Jina la Msalala ni la kale kuliko bendera zote zilizopandishwa nchini. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa Church Missionary Society waliokuwa wakienda Uganda walikuwa na kituo mahali walipopaita Msalala, kusini ya ziwa, si mbali na Usambiro ambako Alexander Mackay alifariki mwaka 1890. Kwa hiyo Msalala ya barua zao ilikuwa karibu na ziwa kuliko hapa petu. Jambo hili lilinitatiza kwanza, halafu nikaona kwamba halina ajabu kwa nchi inayofuata watu wake. Hata jina la kabila letu ni hivyo hivyo. Sukuma maana yake ni kaskazini, na dakama ni kusini. Msukuma basi ni mtu wa kaskazini, lakini kaskazini ya nani? Ni ya Mnyamwezi aliyetuita hivyo kutoka kwake. Sisi tukaaye Kahama huitwa Wasukuma na wa upande mmoja na watu wa Dakama na wa upande wa pili, na mtu hukubali jina lolote kwa kadiri ya mahali anapoulizwa.

Walipokuja Wadachi, na baada yao Waingereza, hawakupendezwa na nchi zinazohama. Mwaka 1926, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, ilitolewa sheria ya kutawala kwa mkono wa wenyeji, na mtemi akawa mtu wa serikali. Alipewa mshahara, alikusanya kodi, aliandikiwa barua na Bwana Shauri. Kwa nje heshima yake ilizidi. Lakini kiti chake sasa kilishikwa bomani, na banang'oma hawakuweza tena kukitikisa kama zamani. Mipaka nayo ilitiwa kwenye ramani kwa wino. Kahama iliwekwa katika Jimbo la Magharibi, ambalo makao yake yalikuwa Tabora. Shinyanga, Mwanza na Geita zikawekwa katika Jimbo la Ziwa. Hivyo mstari mmoja ulipita katikati ya watu wenye lugha moja waliozoea kuoana.

Hapa yafaa niseme neno juu ya lugha, kwa faida ya vijana wasomao vitabu vya zamani. Katika siku za Waingereza, jimbo lilikuwa sehemu kubwa ya nchi, mfano wa mkoa wa leo. Baada ya uhuru sehemu hizo ziligawanywa na kuitwa mikoa, na neno jimbo likabaki bila kazi katika serikali, hata likapewa kazi mpya ya kutaja eneo lenye kumpeleka mbunge mmoja. Kwa hiyo kijana akisoma kwamba babu yake alikaa Jimbo la Magharibi, asidhani kwamba babu yake alimpigia mtu kura. Hakuwa na kura yoyote.

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na kwa muda wa karibu miaka 20 hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 waliingia wawili wa kwanza: Abdiel Shangali wa Machame, na Kidaha Makwaia, mtemi wa Busiya katika Shinyanga. Watu wa pande zetu walijivuna kwa ajili ya Kidaha, na walikuwa na haki ya kujivuna, kwani alikuwa kijana mwenye elimu. Lakini aliteuliwa na Gavana. Hapakuwa na mtu wa Busiya aliyeulizwa, sembuse wa Msalala.

Geita, jirani zetu wa kaskazini, waliulizana neno hili kwa sauti kubwa kuliko sisi. Serikali ilipoweka huko baraza la wilaya la kuchanganya Waafrika, Wahindi na Wazungu, watu walikataa. Mwaka 1958 maelfu walikwenda Mwanza kwa miguu kulalamika, wakakaa huko, na askari wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Vitabu vingi husema walikataa baraza la mchanganyiko, na ni kweli. Ila naona kwamba chini ya neno hilo palikuwa na jingine: mtu asiyekuwa wa mtemi wao, wala hakuchaguliwa nao, alipata wapi ruhusa ya kuwasemea?

Mwaka huo huo wa 1958 ndipo uchaguzi wa kwanza ulipofanywa nchini kwa sehemu mbili, sehemu ya pili ikiwa mwaka 1959. Ulikuwa uchaguzi wa namna ya ajabu. Kila jimbo kubwa lilipeleka watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, na mpiga kura alilazimika kumpigia mmoja wa kila namna. Asipofanya hivyo kura yake iliharibika. Tena haikumhusu kila mtu, bali mwenye elimu au kipato au cheo kilichotajwa na sheria. Katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958 wanachama wa TANU walibishana sana kama waingie au wasiingie, mwisho wakaingia, wakashinda. Mwaka 1960 vilikuwako viti 71, na TANU ilipata 70.

Utemi uliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Siandiki hapa ili kuulilia. Mtemi wa mwisho mwisho alikuwa mkusanya kodi zaidi ya kuwa mwamuzi, na wengi walimchoka. Lakini nasema kwamba pamoja na mtemi liliondoka lile jina. Msalala ikawa neno la wazee. Kahama ikatolewa upande wa Tabora ikatiwa katika Mkoa mpya wa Shinyanga, na mtu wa Bugarama akajifunza kusema, "Natoka Kahama, Shinyanga."

Katika uchaguzi wa 1965 chama kilikuwa kimoja, lakini kila jimbo kwa kawaida lilikuwa na watu wawili wa kuchaguliwa kati yao. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, kwa ajili ya wasiojua kusoma. Wako wanaoudharau uchaguzi wa namna ile. Mimi huwakumbusha habari ya Paul Bomani, aliyekuwa ameongoza chama kikubwa cha ushirika cha wakulima wa pamba katika Usukuma, kisha akawa Waziri wa Fedha. Mwaka 1965 alisimama kwao Mwanza akashindwa. Waziri wa Fedha! Waliokuwa wamezoea kumwondoa mtemi asiyeleta mvua hawakuona ugumu.

Miaka iliyofuata naipita upesi. Mwaka 1972 mabaraza ya wilaya yalivunjwa, na yakarudishwa 1984. Vyama vingi vilirudi 1992, na uchaguzi wake wa kwanza ulifanywa 1995. Katika hiyo kazi ya kuigawanya nchi upya, jina la Msalala lilitoka usingizini. Katika uchaguzi wa 2005 Kahama ilimpeleka James Lembeli, na Msalala, jimbo peke yake, ikampeleka Ezekiel Maige, aliyedumu hata 2020. Wala Msalala haikuamka peke yake. Ukiyasoma majina ya majimbo ya kanda yetu utakuta Ushetu, Buchosa, Itilima, yote nchi za watemi. Sheria iliufuta utemi, na tume za uchaguzi zilipotafuta majina ya kuwaita watu, ziliyakuta yale yale vinywani mwao.

Sasa nifike kwenye dhahabu, maana bila dhahabu makala haya yangekuwa habari za majina tu.

Chini ya ardhi ya Msalala, upande wa Kakola, ipo dhahabu ya Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo waliifuata kwa maelfu, wakachimba kwa sururu na kamba. Mwezi wa Agosti 1996 waliondolewa, ili mahali pawe pa kampuni, na namna walivyoondolewa imebishaniwa kwa miaka mingi, ndani ya nchi na nje. Sitaamua mabishano hayo hapa. Mgodi mkubwa wa chini ya ardhi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001, ukiwa mali ya Barrick ya Kanada. Baadaye, mwaka 2009, ukafunguliwa mgodi wa Buzwagi karibu na mji wa Kahama.

Nilisema raia wa zamani alipoonewa alihama. Mtu wa juu ya dhahabu afanyeje? Akihama, dhahabu hubaki kwa mwingine. Hivyo kwa mara ya kwanza katika historia yetu njia ile ya kale ya kumwadhibu mtawala ilikatika, na mahali pake palibaki njia moja, yaani kusema kwa kinywa cha mtu aliyetumwa. Ndiyo sababu nauliza kwa makini kinywa hicho ni cha nani, na mpaka wake wapita wapi.

Tazama habari ya Buzwagi. Mwaka 2007 ilijulikana kwamba mkataba wa mgodi huo ulikuwa umetiwa saini London. Aliyesimama Bungeni kuudai uchunguzi alikuwa Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini, na mwezi wa Agosti Bunge lilimsimamisha. Shimo liko Kahama. Sauti ilitoka Kigoma. Sisemi hivyo ili kuwalaumu wabunge wa kwetu, kwa maana mbunge wa nchi ana ruhusa ya kusema juu ya nchi yote, tena Lembeli wa Kahama naye aliongoza kamati iliyochunguza Operesheni Tokomeza, na taarifa yake ya Desemba 2013 iliwaondoa mawaziri wanne. Lakini wazee wetu waliliona jambo la Buzwagi, na walilizungumza. Mwezi wa Novemba 2007 Rais Kikwete aliunda kamati ya kuchunguza mambo ya madini, Zitto akiwa mmoja wa wajumbe, na mwenyekiti wake alikuwa Jaji Mark Bomani, ndugu wa yule Paul Bomani. Katika kazi hiyo ilitoka Sheria ya Madini ya 2010.

Tena kuna habari ya mfuko. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 iliipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa shilingi 3 katika kila 1,000 za mauzo. Lakini mikataba ya migodi mikubwa iliweka kikomo cha dola 200,000 kwa mwaka, na kwa miaka mingi kikomo hicho ndicho kilichofuatwa, hata kilipoondolewa baadaye. Mwaka 2012 wilaya ya Kahama iligawanywa katika halmashauri tatu, nayo Msalala ikapata halmashauri yake, na makao yakawekwa Ntobo. Kwa hiyo Msalala ilipata mbunge kwanza, na mfuko ukafuata baada ya miaka. Na mfuko ulipofika, mpaka ulikuwa na neno lake. Mwaka huo huo wa 2012 uliundwa Mkoa wa Geita, ukachukua Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, Bukombe na Mbogwe kutoka Shinyanga, na Chato kutoka Kagera. Bulyanhulu imepakana na Nyang'hwale, na halmashauri hizo mbili, moja ya Shinyanga na moja ya Geita, hugawana ushuru wa mgodi mmoja. Ule mstari wa wino wa siku za Waingereza, kati ya Jimbo la Magharibi na Jimbo la Ziwa, sasa unahesabiwa kwa shilingi.

Mfuko huo waweza kukauka ghafula. Mwezi wa Machi 2017 serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje, na mwisho wa mwaka ule kazi za Bulyanhulu zilipunguzwa sana, watu wengi wakarudi majumbani. Nilikuwa na wanafunzi ambao baba zao waliachishwa; wengine hawakumaliza mwaka shuleni kwetu, walifuata wazazi wao. Mwezi wa Januari 2020 serikali na Barrick walitia saini mapatano, na katika kampuni mpya ya Twiga serikali ikapata hisa 16 katika kila 100.

Katiba ya 1977 inasema katika ibara ya 75 kwamba mipaka ya majimbo itazamwe angalau kila baada ya miaka 10, na itazamwe kwa hesabu ya watu na kwa njia za mawasiliano. Hesabu ya watu wa Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012 ilikuwa 1,534,808, na mwaka 2022 ilikuwa 2,241,299. Geita ilitoka 1,739,530 ikafika 2,977,608. Watu hawa hawakuzaliwa wote hapa. Wengi wamekuja kwa dhahabu, kama walivyokwenda zamani kwa mtemi mkarimu. Mwezi wa Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo 8 mapya, yote yakawa 272, na katika hayo manane, manne ni ya pande za Usukuma: Katoro na Chato Kusini katika Geita, Itwangi katika Shinyanga, na Bariadi Mjini katika Simiyu. Zamani mtu alihama, mpaka ukabaki mahali pake. Siku hizi mtu hukaa kwake, na mpaka ndio unaohama.

Nilipomaliza kutafuta nilirudi darasani, nikachora ramani ubaoni, nikawaambia watoto waandike katika madaftari makao yao kwa utaratibu: kijiji, kata, jimbo, wilaya, mkoa. Yule mtoto aliandika vizuri, Bugarama, Jimbo la Msalala, Wilaya ya Kahama, Mkoa wa Shinyanga. Kisha akaniuliza habari ya mjomba wake, ambaye hulima upande wa pili, na ambaye ng'ombe zake hunywa maji pamoja na zao wakati wa kiangazi. Nikamwambia aandike Jimbo la Nyang'hwale, Mkoa wa Geita. Akaandika. Akaitazama ramani kitambo, akafuta, akaniuliza tena kama nina hakika.